Inveta Inapojizima: Mashine Inajilinda, Nani Anamlinda Mtu?

Mhadhara kwa mafundi, wafanyabiashara na wanafunzi wa Arua na Koboko



Nataka tuzungumze juu ya chombo ambacho wengi wenu mnacho nyumbani, dukani, kanisani au msikitini. Ni inveta, mashine inayochukua umeme wa betri na kuugeuza uwe umeme wa kuwashia taa, friji na televisheni. Nitashika tabia yake moja inayowaudhi watu kuliko zote, tabia ya kujizima. Friji inanguruma, kinyozi yuko katikati ya kichwa cha mteja, mara mlio unasikika, taa nyekundu inawaka, kila kitu kinanyamaza. Mwenye mali humwita fundi na kumwambia kwamba inveta imeharibika. Fundi naye, asipokuwa mwangalifu, hutafuta njia ya kuilazimisha iwake.

Nina mambo mawili ya kusema. La kwanza ni kwamba inveta inayojizima mara nyingi ni nzima: imepima kitu, ikaona hatari, ikaacha kazi. La pili ndilo zito zaidi. Ulinzi huo umewekwa kwa ajili ya inveta yenyewe. Nyumba yako, fundi aliye juu ya nguzo na mtoto anayegusa soketi mara nyingi hawamo katika hesabu zake. Ulinzi wao ni juu yetu.

Kwa nini jambo hili ni letu

Kwa miaka mingi mkoa wetu wa West Nile, nchini Uganda, uliishi nje ya gridi ya taifa. Umeme wa mabwawa ya Jinja haukutufikia. Kampuni ya WENRECo ilipokabidhiwa huduma ya umeme ya mkoa huu mwaka 2003, tegemeo la Arua likawa jenereta ya mafuta mazito ya megawati 1.5. Kituo cha maji cha Nyagak, karibu na Paidha wilayani Zombo, chenye uwezo wa megawati 3.5, kilianza kutoa umeme mwaka 2012, baada ya kungojewa muda mrefu. Gridi ndogo kama hiyo haina akiba: mtambo mmoja ukisimama, mji mzima huingia gizani. Baadaye laini ya kilovolti 132 kutoka Kole kupitia Gulu na Nebbi ikafika Arua, na mkoa ukaunganishwa na taifa.

Lakini maisha ya miaka ile yalikwisha kutufundisha kujitegemea. Watu walinunua jenereta, kisha sola, kisha betri na inveta. Vijiji vilivyo mbali na nguzo, maduka ya Koboko na makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule bado yanaishi na vifaa hivyo. Katika mkoa kama huu, kujua inveta inavyojilinda ni elimu ya kila nyumba.

Kilicho ndani ya sanduku

Betri hutoa umeme unaokwenda upande mmoja tu, wa volti 12, 24 au 48. Vifaa vyetu vinataka umeme unaopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, wa volti 240. Kazi ya kubadilisha hufanywa na transista za nguvu, ambazo ni swichi zisizo na sehemu inayosogea. Hufunguka na kufungika maelfu ya mara kwa sekunde na kupitisha mkondo mkubwa kupitia kipande cha silikoni chembamba kuliko ukucha.

Silikoni hiyo haina uvumilivu. Joto lake likipita kiwango, ambacho kwa transista nyingi ni nyuzi 150 au 175 za Selsiasi, huungua na haitengenezeki. Tena transista hizo hupangwa mbili mbili, ya juu na ya chini. Zote mbili zikifunguka kwa wakati mmoja, betri inajipiga shoti kupitia ndani yao. Ndiyo maana ubongo wa inveta huacha mwanya mdogo wa muda kila mara: hufunga moja, husubiri, ndipo hufungua nyingine. Huo ndio ulinzi wa kwanza, na unafanya kazi saa zote bila sisi kuuona.

Betri inapochoka

Sababu ya kawaida ya inveta kujizima ni betri kushuka. Kwa betri ya asidi ya volti 12, inveta nyingi huanza kulia volti zinapokaribia 11, na hukata karibu na 10.5.

Wengi hudhani ulinzi huu ni wa betri peke yake. Ni kweli kwamba betri ya asidi ikinyonywa mpaka mwisho na kuachwa hivyo, sahani zake hushika chumvi ya salfati na uwezo wake hupungua moja kwa moja. Lakini inveta nayo ina lake la kuogopa. Mzigo wa wati 1,000 hauangalii hali ya betri. Unataka wati zake 1,000. Volti zikishuka, ampea lazima zipande. Kwenye volti 12, ukihesabu na kinachopotea ndani ya inveta, mzigo huo huvuta karibu ampea 95. Kwenye volti 10 huvuta karibu ampea 114. Kwa hiyo betri dhaifu huichosha inveta kuliko betri yenye nguvu. Zaidi ya hayo, volti za kuendeshea transista zikipungua, transista hufunguka nusu tu, na transista iliyofunguka nusu hupata moto haraka. Kukata ndiko salama.

Hapa pana jambo linalowatatiza mafundi wengi. Inveta imejizima kwa betri kushuka. Fundi anapima betri anakuta volti 12.1, anaamua kwamba inveta inasema uongo. Haisemi uongo. Betri ikipumzishwa mzigo, volti zake hupanda zenyewe. Kama inveta ingewaka mara moja, zingeshuka tena, ingezima, ingewaka, ingezima, na friji ingeumia kwa kuwashwa na kuzimwa. Kwa hiyo watengenezaji wameiambia isubiri mpaka betri ijazwe vya kutosha, mara nyingi zaidi ya volti 12.5. Dawa yake ni chaji na subira.

Kuna pia kosa la waya. Chukueni mzigo ule ule wa ampea 95, na betri iliyo mita mbili kutoka kwenye inveta. Fundi ametumia waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani. Kwenda na kurudi ni mita nne za shaba. Katika waya huo zitapotea karibu volti 2.6. Betri ina volti 12, lakini inveta inaona 9.4, inazima, nayo ina haki. Na zile volti zilizopotea zimegeuka joto la takriban wati 250 ndani ya waya ambao haukukusudiwa kubeba hata ampea 30. Plastiki yake italainika, kisha itashika moto. Ukiweka kebo ya milimita za mraba 35, kinachopotea ni volti 0.2 tu. Mwenye nyumba aliyelalamika kwamba inveta inazimazima alikuwa anaonywa juu ya moto uliokuwa njiani.

Hatari iko upande wa juu pia. Paneli ya sola inayouzwa kwa jina la volti 12 hutoa karibu volti 22 isipokuwa na mzigo. Kidhibiti chaji kikifa, au mtu akiunganisha paneli moja kwa moja kwenye inveta, au akafunga betri mbili mfululizo kwenye inveta ya volti 12, volti zinazoingia hupita kipimo. Inveta nzuri hukataa kufanya kazi zikizidi 15 au 16. Kukataa huko hakuzuii volti zenyewe kuingia. Kapasita zilizo mlangoni bado zinazipokea, na zikizidi mno hupasuka. Ukiona alama ya volti kuzidi, ondoa paneli kwanza, maswali baadaye.

Mzigo na shoti

Mchukuzi wa soko la Arua anaweza kuinua gunia la kilo 100 na kupiga nalo hatua chache. Hawezi kutembea nalo mpaka Koboko. Inveta nayo ina nguvu mbili: ya kudumu na ya kitambo. Nyingi hustahimili maradufu ya nguvu zake kwa sekunde chache tu. Akiba hiyo ni kwa ajili ya vifaa vyenye mota. Friji inayotumia wati 150 ikishazunguka inaweza kutaka mara tano au zaidi ya hapo wakati wa kuanza. Kwa hiyo inveta ya wati 500 huwasha taa, televisheni na simu bila shida, kisha huweza kuanguka friji inapoamka.

Wauzaji wengine huandika kwenye sanduku ile nguvu ya kitambo kwa herufi kubwa, na ile ya kudumu huifichaficha. Mnunuzi aulize swali moja: itabeba wati ngapi kwa saa nzima? Na pasi, birika na jiko la umeme viachwe mbali na inveta ndogo.

Shoti ni habari nyingine. Waya mbili zikigusana, mkondo hupanda ghafla kupita kila kipimo. Transista nyingi za nguvu huweza kuvumilia shoti kwa takriban maikrosekunde 10, yaani sehemu 10 za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Fyuzi ya kuyeyuka haiwezi kuwahi. Yenyewe huhesabu kwa milisekunde. Kwa hiyo mtengenezaji huweka saketi inayotazama volti zilizobaki juu ya transista iliyo wazi. Zikipanda pale zilipotakiwa kuwa chache, maana yake mkondo umezidi, na transista hufungwa papo hapo.

Sasa fikirini inveta iliyozima kwa shoti, na mtu anaiwasha tena, na tena, akitumaini itakubali. Kila jaribio ni pigo jingine juu ya silikoni ile ile. Ondoa mzigo wote, tafuta waya uliochubuka, ndipo uwashe.

Joto na vumbi

Ndani ya inveta, transista zimebanwa kwenye mbavu za alumini, na juu ya mbavu hizo kuna kipima joto kidogo. Joto likipanda, feni huanza. Likiendelea, inveta nzuri hupunguza nguvu inayotoa; ikishindwa, huzima na kungoja ipoe.

Kiangazi chetu cha Desemba hadi Machi ni kikali, na upepo wake hubeba vumbi jekundu. Vumbi huziba matundu na kuvaa mbavu kama blanketi. Wengine huifungia inveta kabatini isiibiwe, wengine huitandikia kitambaa cha kufuma ipendeze. Inveta inayozima kila saa nane mchana na kufanya kazi vizuri usiku inalalamikia mahali ilipowekwa. Na hata isipozima, inazeeka: kanuni inayojulikana na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha ya kapasita zake kwa karibu nusu.

Msiiweke chumba kimoja kilichofungwa na betri za asidi. Betri hizo zikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, nayo ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba hulipuka kwa cheche ndogo tu.

Kukutana na laini

Inveta ikiunganishwa na laini ya umeme, hatari inatoka nje ya nyumba. Transfoma iliyo juu ya nguzo hufanya kazi pande zote mbili. Inashusha volti 33,000 kuwa 240 kwa ajili yako. Ukisukuma 240 kutoka kwako, inazipandisha kuwa 33,000. Fundi wa kampuni ya umeme aliyezima laini na kupanda nguzo akiamini imekufa anaweza kuuawa na inveta yako, au jenereta yako, iliyochomekwa kwenye soketi kwa waya wenye plagi za kiume pande zote mbili. Waya huo ninauomba usionekane tena katika nyumba yoyote ya mkoa huu. Pawekwe swichi ya kubadili inayokata laini kabla ya kuunganisha inveta.

Inveta zilizotengenezwa kuuzia laini umeme zina ulinzi wa ziada. Hupima volti na mzunguko wa laini, yaani zile mara 50 kwa sekunde, wakati wote, na laini ikifa, viwango vya kimataifa vinataka ziache kusukuma umeme ndani ya sekunde mbili.

Ulinzi huu nao unahitaji busara. Ujerumani iliwahi kuagiza inveta zote za sola zizime mzunguko wa laini ukifika mara 50.2 kwa sekunde. Sola zilipokuwa nyingi, wahandisi wakatambua kwamba siku mzunguko ukigusa namba hiyo, gigawati nyingi zingepotea kwa pamoja na kuiangusha gridi. Kuanzia mwaka 2012 inveta nyingi zikalazimika kurekebishwa. Tarehe 16 Agosti 2016, moto wa porini huko California ulisababisha shoti kwenye laini kubwa, na karibu megawati 1,200 za sola zikajiondoa. Sehemu kubwa ya inveta hizo zilikuwa zimesoma mtikisiko wa kitambo kana kwamba mzunguko umeanguka. Kila moja ilijilinda, na kwa kujilinda zote pamoja zikaidhoofisha gridi. Sisi tunaoanza kuweka sola juu ya mapaa huku tumeunganishwa na taifa tuchukue somo hilo mapema: inveta ipangwe kwa viwango vya laini ya nchi, isiachwe na mipangilio iliyotoka nayo kiwandani ng'ambo.

Isichokilinda

Sasa nafika kwenye lile la pili. Inveta haiilindi kebo inayotoka kwenye betri mpaka kwake. Kebo hiyo ikichubuka na kugusa chuma, inveta haijui lolote, wakati betri moja ya gari yaweza kumwaga ampea zaidi ya 1,000. Ulinzi wake ni fyuzi iliyowekwa karibu kabisa na nguzo ya betri, ya ampea zinazolingana na kebo. Fundi anayeiondoa na kuweka kipande cha waya ameifanya kebo yenyewe kuwa fyuzi, na itakapoyeyuka itayeyukia juu ya godoro au paa la nyasi.

Inveta haimlindi anayeguswa na umeme. Mtu aweza kufa kwa makumi ya miliampea tu, na kwa inveta huo ni mzigo mdogo kama wa balbu. Kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha miliampea 30, huokoa maisha. Lakini inveta nyingi ndogo hazijaunganishwa na ardhi upande wowote, na katika hali hiyo kifaa hicho kinaweza kukaa kimya. Kuunganisha kwa usahihi ni kazi ya fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme.

Inveta haishindani na radi. Vipande vya kunywa mishtuko vilivyomo ndani yake ni vya mawimbi madogo ya laini. Mwezi Agosti 2020 radi iliwaua watoto hapa Arua waliokuwa wamejikinga na mvua kibandani, na hatupaswi kuwasahau. Shule na zahanati zenye paneli juu ya bati zinahitaji waya wa ardhini na vizuia radi vya kweli.

Mwisho, inveta haimjui mgonjwa. Muuguzi wa kituo cha afya anamzalisha mama usiku wa manane. Betri inafika kikomo. Mashine inazima taa ya chumba cha uzazi kwa haki ile ile inayozima televisheni. Wa kulaumiwa ni aliyeweka mzigo wote kwenye waya mmoja. Taa za uzazi na friji ya chanjo, inayopaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, ziwe na betri yao, na vitu vya starehe vikatwe mapema. Mlio wa onyo uachwe ulie, usizibwe kwa gundi. Nani alituambia kelele ya kuokoa maisha inyamazishwe?

Neno kwa kila mmoja

Mafundi, andikeni ukutani pembeni ya kila inveta mnayofunga: nguvu yake ya kudumu, ukubwa wa kebo, ampea za fyuzi, na maana ya kila mlio. Andikeni kwa lugha anayoisoma mwenye nyumba, iwe Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili. Wauzaji, acheni kuuza inveta bila kebo na fyuzi zake. Kuuza kimoja bila kingine ni kuuza ajali. Walimu, pelekeni inveta iliyokufa darasani, ifunguliwe, wanafunzi waone kipima joto na transista kwa macho yao. Wanunuzi, lipieni kazi ya fundi kama mnavyolipia mashine, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na nyote mkifika nyumbani leo, tazameni nguzo ya betri yenu kabla ya kulala. Kama fyuzi haipo, au mahali pake pamewekwa kipande cha waya, zimeni inveta hiyo na msiiwashe tena mpaka fyuzi iwekwe.